Muulize Fundi: Usukani upi utaniondolea ganzi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Naendesha baiskeli ya milimani kutoka Bamburi hadi kisiwani Mombasa kikazi. Nikifika Daraja la Nyali, kidole cha pete na cha mwisho vishakufa ganzi. Rafiki anishauri nifunge usukani wa pembe, ule wa baiskeli za mbio. Niufunge?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikimbilie pembe. John Tomac, mwanambio wa baiskeli wa Marekani, alishindana nazo milimani mwaka 1990, ni kweli, lakini unene wa bomba la pembe ni milimita 23.8 na wa usukani wako ni 22.2. Kwa hiyo breki na gia utanunua upya.

Ganzi ya vidole hivyo viwili ni neva iliyobanwa kiganjani. Tazama tandiko kwanza: pua ikiinama, uzito wote huangukia mikononi. Kisha tafuta usukani uliopinda nyuma zaidi. Wa kawaida hupinda nyuzi 5 hadi 9. Wa 16 hukilaza kiganja vizuri. Pima pia unene wa sehemu ya kati, milimita 25.4 au 31.8, ulingane na shingo ya baiskeli, ile inayoushika usukani.

Upana nao! Milimita 780 ni raha Shimba Hills, ila kati ya matatu na tuktuk za Kongowea utakwaruza vioo vya watu. Mimi napenda 720. Kabla ya kushika msumeno kuukata, sogeza breki na mipira ya mikono ndani, uendeshe hivyo wiki nzima. Na boliti zipake grisi, tafadhali, chumvi ya pwani yetu haina huruma.