Jibu: Chotara wa Boerboel wa miezi 4, nimpe unga wa mifupa?

Mkuu, umeuliza kama dona na dagaa vinamtosha huyo mbwa wako chotara wa German Shepherd na Boerboel, na kama umwongezee unga wa mifupa "apande haraka". Unga wa mifupa achana nao kabisa. Mbwa wa umbo kubwa akiwa bado mdogo, mwili wake hauwezi kuikataa vizuri kalsiamu iliyozidi, na hapo mifupa na viungo ndivyo vinavyoharibika. Kumnenepesha nako ni hivyo hivyo. Wangu nilimshindilia mpaka kila mgeni akamsifia; alipofika miezi 7 akawa anainuka kwa kujikongoja kama babu, mguu wa nyuma anauburuza.

Pima kwa mkono. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzisikie bila kukandamiza, ila ukimtazama kwa mbali zisihesabike.

Dona peke yake ni shibe tu. Ukiweza kununua chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa wakubwa, mpe hicho na usichanganye madini mengine. Huwezi, basi nyama, maini kidogo, yai la kuchemsha, na hao dagaa uwaoshe mchanga na chumvi itoke. Vitunguu hapana, mifupa iliyopikwa hapana. Milo 3 kwa siku hadi miezi 6, halafu 2.

Kukimbia naye barabarani subiri kwanza, hata mpaka afikishe mwaka na nusu. Na kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, mwite daktari wa mifugo wiki hii hii, amalizane na minyoo pia.