Mwanangu, umeniuliza zamani tulifanyaje

Mwanangu Salimu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema Rehema ana wiki ya tisa tangu ajifungue, analia na hajui anachokililia, usingizi haupati hata mtoto akilala, na nesi wa kliniki amempa rufaa aonane na mshauri wa afya ya akili. Shangazi yake anasema hayo ni mambo ya Wazungu. Nawe ukaniuliza, "Mama, ninyi zamani mlifanyaje bila watu hao?"

Nakujibu kama mama yako, na kama muuguzi aliyekaa kliniki ya mama na mtoto miaka 27. Zamani wengine tulipona. Wengine hawakupona, tukasema amerogwa, au ni mvivu, au hampendi mwanawe.

Arobaini tulikuwa nayo, na sitaki mtu aidharau. Nilipokuzaa wewe, bibi yako alinikanda maji moto asubuhi na jioni, nikanywa uji wa pilipili manga, sikugusa ufagio wala ndoo. Nililala kwa sababu mikono ya kukupokea ilikuwapo. Lakini nilipomzaa dada yako, bibi alikuwa mgonjwa kitandani, baba yako yuko safarini, na arobaini yangu iliishia siku ya kumi. Nakumbuka mchana mmoja nimekaa mkekani, maziwa yanalowesha kanga, mtoto analia chumbani, na kilio kile nakisikia kama kinatoka nyumba ya pili. Nilijua ni wangu. Sikuinuka. Jambo hilo sijamwambia mtu mpaka leo, hata marehemu baba yako.

Aliyenishika mkono ni jirani. Alikuja na ungo wake wa mchele, akakaa, akaanza kuchagua. Hakuniambia nimshukuru Mungu kwa kupata mtoto mzima, maana hayo kila aliyeingia alishaniambia. Aliniuliza, "Tangu jana umelala kiasi gani?" Nililia mpaka mchele ukaisha ungoni. Akarudi kesho yake, na siku zilizofuata, karibu miezi miwili. Ule ulikuwa ushauri nasaha, ila hatukuuita hivyo. Shangazi mwambie pia kwamba kule Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na kumsikiliza aliyezidiwa na mawazo. Wale ni mabibi kama yeye na mimi.

Lipo linaloniuma zaidi. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, akina mama walikuja kwangu kwa chanjo. Nilimning'iniza mtoto kwenye mizani, nikaweka nukta kwenye kadi, nikachoma sindano, nikaita mwingine. Mama amesimama mbele yangu macho yamemvimba, kanga kaivaa ndani nje, nami namuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Yeye mwenyewe sikumuuliza. Na maswali ya kumuuliza yalikuwapo, yalitungwa Scotland mwaka 1987, ni kumi tu, hayamalizi dakika kumi. Mimi nilifundishwa nikiwa nakaribia kustaafu. Nesi wenu amemuuliza Rehema. Mkirudi kliniki mshukuruni.

Kulia siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua ni kawaida, na ndani ya wiki mbili huwa kumekwisha. Hili la Rehema limevuka huko, naona ni sonona ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi kama zetu karibu wanawake 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa lao ni sonona. Inatibika. Mshauri atamsikiliza, atamuuliza usingizi, chakula, nani anamsaidia nyumbani, watapanga pamoja hatua ndogo za wiki, kisha Rehema atarudi kwake tena na tena. Usitegemee siku moja itatosha. Daktari akiona haja ya dawa msiogope, zipo ambazo mama anazimeza huku ananyonyesha. Ombeni apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo pia, kwani hitilafu huko humlegeza mtu vilevile.

Najua hapo Dodoma ukitaja afya ya akili mtu anasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na anaona aibu. Mshauri ni mazungumzo chumbani, watu wawili, viti viwili. Lakini akianza kusikia sauti, au akapitisha siku mbili tatu bila usingizi wala uchovu, au akasema mtoto si wake, au akataja kufa, usingoje kuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na usimwache peke yake wala peke yake na mtoto.

Na wewe? Kwenye ujumbe ule sauti yako ilikatika mara mbili. Akina baba nao hupata sonona mtoto anapozaliwa, kama mmoja katika kila kumi. Siku ya miadi ingia naye, na mshauri akikuuliza wewe, usijibu "mimi niko sawa" kabla hujafikiri.

Shangazi niachie mimi, nitampigia leo jioni. Jumamosi nipo kwenye basi la alfajiri kutoka Tanga. Zamu ya usiku ya mtoto ni yangu: Rehema akamue maziwa kabla ya kulala kama anaweza, mengine nitajua la kufanya. Mwambie Rehema siji kumkagua wala kumfundisha kulea. Nakuja na ungo wangu.

Mama yako