Kabla ya kufunga soko, ulizia orodha

Ndugu mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), umeuliza kama mfunge soko la Jumamosi kwa kuwa Ebola imeingia wilaya jirani. Nisingeanza na idadi ya wagonjwa. Muulize afisa wa afya: hao wagonjwa wapya walikuwa tayari kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa, wanaofuatiliwa siku 21? Kama ndiyo, wekeni maji na sabuni, biashara iendelee. Kama haijulikani nani aliwaambukiza, hapo pana hatari. Mwaka 2022, wakati wa Ebola nchini Uganda, watu walizuiwa kuingia na kutoka wilaya za Mubende na Kassanda. Ebola haiambukizi kabla ya dalili, ndiyo maana mimi naogopa matanga kuliko soko. Kuosha maiti ndiko kubaya zaidi. Na bodaboda wanaobeba wagonjwa, msiwasahau.