Mtoto mwenye disleksia: kabla ya tuisheni, shughulikia hofu

Mwanangu alimaliza darasa la saba akisoma Kiswahili polepole, lakini bila makosa mengi. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala akili ndogo) hujitokeza zaidi kwenye kasi, na mtoto huonekana mzembe tu. Kisha kikaja kidato cha kwanza, masomo karibu yote kwa Kiingereza. "Though", "through", "thought": kwa macho ni ndugu, kwa sauti hawajuani. Hapo ndipo tumbo lilipoanza kumuuma kila Jumatatu asubuhi.

Zahanati hawakuona ugonjwa. Jibu lilikuwa kwenye ratiba: Jumatatu kipindi cha kwanza ni Kiingereza, na wanasoma kwa sauti, kwa zamu. Alikuwa anahesabu vichwa vilivyo mbele yake ajue aya ipi itamwangukia, aikariri. Somo lenyewe halisikii.

Kamwone mwalimu, kwa upole, umwombe jambo dogo: asimwite kusoma kwa kushtukiza. Ampe aya yake jana yake, au amuulize maswali ya kujibu kwa mdomo. Wa kwetu alisita kidogo (darasa limejaa, namwelewa), akakubali. Tumbo halikupona siku hiyo, ila Jumatatu zilianza kuwa nafuu.

Nyumbani kazi za shule tunazipima kwa saa, si kwa kurasa. Dakika 20 zikiisha daftari linafungwa, hata sentensi ikiwa imekatikia njiani, anakwenda kucheza mpira. Historia na baiolojia dada yake anamsomea, naye anaeleza alichoelewa. Wapo watakaosema unamdekeza. Waache waseme, anayeeleza moyo na mishipa yake bila kuangalia daftari hajadekezwa.

Hofu ikimpanda kabla ya mtihani, kumwambia "tulia" ni kazi bure. Akanyage chini miguu yote miwili, avute pumzi, aitoe taratibu kwa muda mrefu kuliko alioivuta, arudie. Kisha aanze na swali analoliweza, hata kama ni la saba. Haya ayazoee siku za kawaida, asiyajaribu kwa mara ya kwanza chumba cha mtihani.

Neno "kilaza" kwetu ni marufuku, hata kwa utani, hata kwa mjomba.

Lakini akikosa usingizi wiki nzima, akiacha kula, au akisema amechoka kuishi, usisubiri likizo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uombe aonwe na mtaalamu wa afya ya akili.