Saratani imefika mifupani: alale au atembee?

SUALI: Assalaam alaikum. Mama yetu, miaka 58, tunaye hapa Wete. Saratani ya titi imemwingia kwenye pingili za mgongo, chini karibu na kiuno. Daktari kasema atembee. Majirani wanasema alale, asije akavunjika. Mwenyewe anataka kukuna nazi yake na kusali kama zamani. Tumsikilize nani?

JIBU: Waalaikum salaam. Daktari. Lakini muulizeni kwanza: picha zinaonesha mgongo peke yake, au nyonga na mapaja yamo? Mfupa wa paja ulioliwa sana unaweza kukatika kwa kukanyaga tu. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akatiwa chuma kwanza ndipo aruhusiwe kutembea.

Kama ni mgongo tu, kulala kutwa hakumlindi. Misuli husinyaa upesi, damu huweza kuganda miguuni, na siku akiinuka atayumba. Anguko ndilo la kuogopwa.

Kinachoumiza pingili ni kuinama na kujipinda, hasa ukiwa na mzigo. Mtazameni mtu juu ya mbuzi: kiti kiko chini, magoti juu, mgongo umekunjika, mikono inakandamiza nazi kwenye meno. Uzito wote unabana pingili kwa mbele, na hapo ndipo zinapobonyea. Mbuzi apewe mwengine, yeye achague mchele mezani, kwenye kiti cha kuegemea. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Asiiguse, wala asiivute. Sala aisali kitini, rukuu na sujudu kwa ishara ya kichwa. Mgonjwa ana ruhusa hiyo.

Aanze kutembea uani dakika 5, mara 3 kwa siku, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza. Avae viatu vinavyoshika mguu, si kandambili zilizolika. Kesho yake akiamka hana maumivu mapya, ongezeni dakika 1 au 2 kila baada ya siku chache.

Zoezi la pili ni kuinuka kitini. Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, kimeegemea ukuta. Asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo, aelekeze kifua mbele kuanzia nyonga huku mgongo umenyooka, kisha asukume kwa miguu. Kushuka ndiko wengi wanakokosea: hujibwaga, na mshindo unapanda moja kwa moja kwenye pingili. Ashuke taratibu. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, siku 2 au 3 kwa wiki.

Misuli kuuma siku mbili si neno. Maumivu ya mahali pamoja yanayozidi akikanyaga, au yanayomwamsha usiku, asimamishe mazoezi akapigwe picha. Miguu ikilegea, akifa ganzi kati ya mapaja, au mkojo ukigoma, apelekwe spitali saa hiyo hiyo, amelazwa chali kwenye gari, msingoje kuche.