Sementi ya jamvi imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Najenga nyumba ya vyumba vitatu na pesa zimenikatikia kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Fundi alinikadiria mifuko 80 ya sementi kwa jamvi lote, yaani sakafu ya zege, mita 120 za mraba. Ikaenda 103. Nikimuuliza anasema zege linakula. Saiti siendi kila siku. Je, nimeibiwa? Na nikope ili nipaue? Stoo nimebakiwa na mifuko 6.
Niliyekwama Kwenye Linta

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujagombana na fundi, chukua kalamu.

Jamvi la unene wa sentimita 10 kwa mita 120 za mraba ni mita 12 za ujazo. Kwa sehemu 1 ya sementi, 2 za mchanga na 4 za kokoto, kila mita ya ujazo inameza mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50. Jumla 78. Fundi wako alikadiria vizuri tu. Sasa unene huo ufanye sentimita 13. Ujazo unapanda hadi 15.6, na sementi inafika mifuko 101. Umeiona mifuko yako?

Sentimita tatu hizo hutoka kwenye kifusi kinachojazwa chini ya jamvi. Kisiposhindiliwa na kusawazishwa kinabaki na mabonde, na siku ya zege hakuna anayesimamisha kazi arudi na jembe. Mabonde yanazibwa kwa zege, na hakuna kifusi ghali kama hicho. Nayajua kwa sababu jamvi la nyumba yangu mwenyewe lilinifanya hivyohivyo, mimi niliyekuwa nalipwa mshahara kukagua majamvi ya watu! Nilifika nikakuta toroli zinapishana, nikaona haya kusema simameni. Tangu siku hiyo zege halimwagwi mbele yangu kabla sijavuta kamba ukingo hadi ukingo na kushusha rula hadi kwenye kifusi, sehemu kama kumi.

Kwako kamba imechelewa. Lakini jamvi utalitoboa tu kupitisha mabomba. Kila tundu likitoka, ingiza rula. Ukikuta 13 au zaidi, hujaibiwa: kilichokosekana ni siku moja ya kushindilia. Ukikuta 10 kila mahali, basi muulize fundi upya, na safari hii usikubali jibu la zege linakula.

Kuhusu mkopo, usikope kwa makadirio ya mdomo. Paa lihesabiwe kwanza kwenye karatasi, kila mbao kwa urefu wake, kila bati, misumari kwa kilo, na ufundi wake. Juu ya jumla ongeza asilimia 10 ya dharura. Ukiona hiyo 10 inakutisha, ujue huna pesa za paa bado. Kuta zinaweza kusubiri; funika vichwa vyake maji yasiingie, na nondo zilizochomoza zipake uji wa sementi zisile kutu. Riba haisubiri.

Na ufundi acha kuulipa kwa siku. Patana kwa hatua, uandike hatua yenyewe ni nini: "mbao za paa zimefungwa zote na kukaguliwa", siyo "paa limeanza". Kila malipo bakiza asilimia 10. Nusu ya akiba hiyo mpe akikukabidhi kazi, nusu nyingine baada ya miezi sita, ukishaona kama panavuja. Fundi mzuri atanung'unika kidogo halafu akubali. Anayekataa kabisa mimi humuogopa.

Sasa hiyo mifuko 6. Imekaa stoo tangu lini? Sementi ikipita miezi mitatu nguvu yake inashuka, hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Ingia leo, iinue kutoka sakafuni uiweke juu ya mbao mbali na ukuta, kisha uibonyeze. Ikiwa bado laini, muuzie jirani anayejenga. Yenye mabonge usiiweke kwenye linta wala nguzo.