Kitabu cha kwanza cha fonetiki: angalia kinamfanyisha nini mwanafunzi

Mwalimu mwenzangu, umesema umekabidhiwa somo la utangulizi wa fonetiki, yaani taaluma ya jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa na kusikika, kwa wanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza, unatafuta kitabu kimoja cha kiada, na unauliza kama toleo la zamani litafaa. Somo hili nimelifundisha miaka kadhaa na kitabu nimebadilisha mara tatu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo. Univumilie.

Mwaka wa kwanza nilichukua kitabu cha fonetiki ya Kiingereza. Ndicho nilichosomea mimi, na nakala zake zilikuwa rahisi kupatikana. Kwa anayeandaliwa kufundisha matamshi ya Kiingereza kilikuwa kitabu kizuri. Kwa wanafunzi wa isimu nilikosea. Vijana wangu walikuwa wanakutajia bila kusita kwamba [s] ni kikwamizo cha ufizi kisicho ghuna (hewa inapita kwa kukwaruza penye ufizi, na nyuzi sauti za kooni hazitetemeki), na mtihani wakafaulu. Kisha siku moja binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona nikisema baba koo linashuka, nikisema imba halishuki?"

Nikamwomba arudie. Muda si mrefu darasa zima lilikuwa limejishika koo: baba, imba, dada, tenda. Yule binti alikuwa amegundua jambo la kweli kabisa. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, b na d zisipotanguliwa na nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, hutamkwa huku zoloto, kile kisanduku cha sauti cha kooni, likishuka kidogo, hewa ikielekea kuvutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Zikifuata nazali zinakuwa vipasuo ghuna vya kawaida: hewa inazibwa na kuachiwa ghafla huku nyuzi sauti zikitetemeka. Kitabu chetu hakikuwa na mstari hata mmoja wa kumsaidia, maana Kiingereza hakihitaji tofauti hiyo. Mwanafunzi amesikia kitu kwa sikio lake mwenyewe, kitabu kimenyamaza, na mwalimu anahangaika ubaoni. Hali hiyo iliniuma.

Tangu hapo, nikishika kitabu cha fonetiki naanzia kwenye mazoezi. Nataka kuona kinamfanyisha mwanafunzi nini kwa mdomo wake na masikio yake. Maelezo ya ala za sauti karibu kila kitabu kinayo, na mchoro wa kichwa kilichokatwa ubavuni utaukuta kila mahali. Hakikisha tu unaonyesha kaakaa laini, sehemu ya nyuma ya dari ya mdomo, likiwa limeshuka na likiwa limeinuka, kisha songa mbele.

Kwa upande wa mazoezi sijaona kitabu kilichonisaidia kama cha J. C. Catford, A Practical Introduction to Phonetics, kilichotoka mwaka 1988 na toleo la pili mwaka 2001. Kimejengwa juu ya majaribio ambayo msomaji anayafanya mdomoni mwake, na mengi yanafanywa kimyakimya, kwa sababu sauti ikitoka inamzuia mtu kuhisi misuli inafanya nini. Unasema [f] ndefu, unaigeuza [v] bila kukatiza, unarudi [f], hadi uhisi mtetemo unawashwa na kuzimwa. Ukishaweza hapo unajaribu kuuzima kwenye [m] au [l], na ghafla mwanafunzi ametoa nazali isiyo ghuna, sauti ambayo lugha yake pengine haina. Jaribio jingine ninalolipenda ni la kuweka ulimi kama unataka kusema [s], kisha kuvuta hewa ndani: ubaridi unakuonyesha mahali hasa palipobanwa. Fanya hivyo kwa [ʃ], ile sh ya shule, uone ubaridi unavyosogea nyuma. Dakika mbili tu, na mwanafunzi hatasahau tena mahali pa kutamkia.

Hata sauti za kubana glota (mwanya kati ya nyuzi sauti) na kusukuma hewa kwa zoloto, ambazo wanafunzi wengi huziogopa, zinafundishika hivyo hivyo. Zuia pumzi kabisa, kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo mzito, kisha jaribu kusema [k] bila kuiachia pumzi. Kile kimlio kikavu kinachotoka ndicho chenyewe. Na vidoko, zile sauti za kualiza ulimi mdomoni, ambavyo watoto hupiga kwa mchezo kabla hawajaingia shule, vinakuwa somo jepesi kuliko irabu.

Irabu ndizo zinazoumiza kichwa. Vitabu vya fonetiki ya Kiingereza humwekea mwanafunzi irabu ishirini au karibu yake, zikiwemo zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Mwenye lugha ya irabu tano anazama. Atazikariri kama majina ya watu asiowajua, bila kuzisikia. Natafuta kitabu kinachoanza na nafasi yenyewe ya irabu kabla ya lugha yoyote, yaani zile irabu za vipimo alizoziweka mwanafonetiki Mwingereza Daniel Jones: unaanza na [i] ulimi ukiwa juu na mbele kabisa, unateremka polepole mpaka chini, na njiani unasimama kwenye vituo. Msemaji wa Kiswahili ana i, e, a, o, u za kushikilia. Anachojifunza ni kwamba kati ya i na e kuna mahali pengine pa kusimama, na kati ya e na a pia.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia kabla ya kukubali kitabu chochote. Nafungua sura ya vipasuo nione ghuna inaelezwaje. Kitabu dhaifu kitakuambia sauti ni ghuna au si ghuna, basi. Kitabu imara kitakueleza kuwa hili ni suala la wakati: kipasuo kinapoachiwa, nyuzi sauti zinaanza kutetemeka lini? Kabla, papo hapo, au baada ya muda? Watafiti Lisker na Abramson walilipima jambo hili katika lugha 11 na kulichapisha mwaka 1964, kwa hiyo kitabu cha leo hakina kisingizio cha kuliacha. Mwanafunzi akilielewa, anaelewa kwa nini p ya mwanzo wa neno la Kiingereza, ambayo hukawia milisekunde 50 na zaidi kabla ya mtetemo, si p ya Kifaransa, na kwa nini Kithai kinaweza kuwa na aina tatu pale wengine tuna mbili. Anaelewa pia kitu cha nyumbani: katika lahaja kama Kimvita cha Mombasa, kaa la moto na kaa wa baharini hayatamkwi sawa, wala paa la nyumba na paa wa mwituni. Neno la pili katika kila jozi lina mpumuo, yaani pumzi inayosikika konsonanti inapoachiwa. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, na hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa nini tunahitaji unukuzi, yaani kuandika sauti kwa alama maalumu.

Unukuzi nao una mitego yake. Chama cha Kimataifa cha Fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886 na alfabeti yake imerekebishwa mara nyingi, lakini si vitabu vyote vinaifuata. Vingi vya mapokeo ya Kimarekani huandika y pale ambapo alfabeti hiyo ina [j]. Sasa mfikirie mwanafunzi wetu: y ya yai ni [j]; alama ya [y] yenyewe ni irabu ya mbele ya mviringo, ile ya Kifaransa katika tu; na j ya jana ni kitu kingine tena. Kitabu kikichanganya mifumo miwili bila kuonya, utatumia wiki tatu kusafisha. Angalia pia kama kinatofautisha mabano mraba [ ], ya sauti inavyotamkwa hasa, na mikwaju / /, ya sauti kama kipashio cha lugha, tangu mwanzo. Kinachoandika /r/ kwa sauti ya Kiingereza isiyo kimadende (isiyotetemesha ncha ya ulimi) bila neno la maelezo kitamfanya mwanafunzi aamini kuwa r ya Kiingereza na r ya Kiswahili ni sauti moja.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, usiisahau. Kiswahili hakina toni, lakini wanafunzi wengi wa isimu wana lugha za kwanza zenye toni na wanajua uzito wake. Kitabu cha fonetiki ya Kiingereza kitawapa mkazo na kiimbo tu. Ukikuta toni imepewa aya mbili mwishoni, huyo mwandishi hakuwafikiria wanafunzi hao.

Mwaka wa pili nilikwenda upande wa pili. Nikachagua kitabu kizito, kamili, chenye kila sauti iliyowahi kurekodiwa na milinganyo ya mawimbi tangu sura ya tatu. Nilidhani nawapa heshima. Robo ya darasa iliacha kukisoma kufikia wiki ya tano. Fonetiki akustika, ya kupima mawimbi ya sauti, ni tamu, ila ina wakati wake: kwanza mdomo, kisha sikio, ndipo kompyuta. Siku hizi naileta baada ya irabu kukaa vizuri. Programu ya kuchanganua sauti iitwayo Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni ya bure na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Kila mwanafunzi anarekodi irabu zake tano na kupima formanti mbili za kwanza, yaani masafa ya sauti yanayokuzwa na umbo la mdomo na koo. Kwa mwanamume mzima, formanti ya kwanza ya i itakuwa karibu na hezi 300, na ya a itafika 700 au zaidi. Kisha wanachora, formanti ya kwanza ikishuka chini na ya pili ikienda kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Pembetatu ya irabu inajitokeza kwenye karatasi, ile ile waliyoikuta kitabuni. Niliona kijana aliyekuwa kimya muhula mzima akisimama kuonyesha wenzake karatasi yake. Kwa hiyo kitabu kiwe na sura moja au mbili nzuri za akustika, zenye spektrogramu, yaani picha za masafa ya sauti kadiri muda unavyopita, zinazosomeka, na zisiwekwe mbele.

Basi, nakipendekeza kipi? Cha kiada ninachotumia sasa ni A Course in Phonetics cha Peter Ladefoged. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1975, na baada ya kifo chake mwaka 2006 Keith Johnson amekiendeleza. Ladefoged alisafiri sana kurekodi lugha, na hilo linaonekana: utakutana na vikwamizo vya midomo miwili vya Kiewe vikishindana na vile vya mdomo na meno, sauti za kuvuta hewa ndani za Kisindhi, na vidoko vya Kixhosa. Yule binti wa baba na imba angepata jibu lake humo. Kila sura ina mazoezi ya kutamka, siyo maswali ya kuandika pekee, na rekodi nyingi za mifano zimewekwa kwenye tovuti ya maabara ya fonetiki ya UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) alikofundisha.

Kina upungufu, nao ni mkubwa kwetu: sura za mwanzo zinasimama juu ya Kiingereza. Mimi wiki nne za kwanza nawapa karatasi yangu ya mifano. Popote kitabu kinapotoa neno la Kiingereza, naweka la Kiswahili au la lugha ya mwanafunzi: ny ya nyumba kwa [ɲ], ng' ya ng'ombe kwa [ŋ], gh ya ghali kwa [ɣ]. Pembeni naandika istilahi za Kiswahili, ghuna, mpumuo, kaakaa laini, glota, kwa sababu wengi wanaelewa jambo lenyewe haraka ila wanakwama kwenye jina. Kazi hiyo ilinichukua likizo moja na naitumia mpaka leo. Catford nakiweka maktaba na kukichukulia mazoezi ya dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi. Ukilazimika kuchagua kimoja tu na darasa lako ni dogo, watu kumi na tano hivi, mimi ningethubutu kumchukua Catford peke yake.

Cha tatu si cha kiada ila kiwe karibu: kitabu cha mwongozo cha hicho Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichochapishwa na Cambridge mwaka 1999. Ndani yake kuna maelezo mafupi ya sauti za lugha mbalimbali, zikiwemo Kiamhari, Kihausa na Kiigbo, na nyingi zinanukuu kisa kile kile cha Upepo wa Kaskazini na Jua. Kazi yangu ya mwisho wa muhula inatoka humo: kila mmoja anamrekodi msemaji wa lugha yake akikisimulia kisa hicho, ananukuu, na kuandika ukurasa mmoja kuhusu konsonanti na irabu alizokuta.

Kabla ya kuagiza nakala, fanya kama nilivyofanya mwaka wa tatu. Wape wanafunzi wawili waliomaliza mwaka jana sura ya vipasuo ya kila kitabu unachokifikiria, wakae wasome mbele yako. Usiwaulize wameelewa nini. Angalia midomo yao. Kwenye kimoja watasoma wametulia kama wanasoma historia. Kwenye kingine utaona midomo inachezacheza na mkono unapanda kooni. Mimi sikuhitaji ushahidi mwingine.

Kuhusu toleo la zamani: chukua bila wasiwasi. Anatomia ya koo haijabadilika, na mazoezi ni yale yale. Kinachochakaa ni jedwali la alfabeti. Kwa mfano, alama ya [ⱱ], ya sauti ya mdomo wa chini kupiga meno ya juu mara moja na kuachia, inayopatikana katika lugha kadhaa za Afrika ya Kati, iliingizwa mwaka 2005, kwa hiyo vitabu vya kabla ya hapo havina. Jedwali la mwaka 2020 linapatikana bure kwenye tovuti ya chama. Lichapishe, kila mwanafunzi alibandike ndani ya jalada. Kitu kingine cha kukagua ni sidii: matoleo mengi ya miaka ile yalikuja na sidii, na nakala zilizotumika mara nyingi zimeipoteza. Tafuta rekodi hizo mtandaoni kwanza. Usipozipata, na kitabu kinazitegemea kwenye mazoezi, kiache hata kama ni cha kupewa.